Moba: Nani atapewa kiwanja mlimani, nani ataachwa ufukweni?

Maji ya Ziwa Tanganyika yalipopanda mwaka 2020 na 2021, kisha tena mwaka 2024, hayakuchagua nyumba. Kuanzia Uvira na Baraka hadi Kalemie na Moba, yaliingia kwenye depo ya mfanyabiashara kama yalivyoingia kwenye nyumba ya udongo ya mvuvi. Tofauti ilionekana siku zilizofuata. Mwenye depo alikuwa na nyumba nyingine, au ndugu Lubumbashi, au fedha za kununua kiwanja sehemu ya juu. Mvuvi alibeba godoro na sufuria, akahamia kwa shemeji yake, akangoja maji yashuke, halafu akarudi kusimamisha ukuta palepale ulipoanguka.

Hapo ndipo siasa ya makazi inapoanza. Wengi hudhani ni jambo la Kinshasa, la majengo ya ghorofa na makampuni ya ujenzi. Moba ina matofali ya kuchoma, matofali mabichi, mabati na majani, na ina swali moja gumu: ardhi iliyo salama, ambayo haiko mbali na bandari na soko, ataipata nani? Kama viwanja vipya vitakwenda kwa wanaowahi na wanaolipa tu, baada ya miaka 10 mji utakuwa umejipanga kwa uzito wa mifuko, wenye nazo juu na wasio nazo kwenye maji. Serikali ya jimbo la Tanganyika na uongozi wa wilaya bado wana nafasi ya kuzuia hilo. Hawahitaji fedha nyingi kama inavyodaiwa kila mara. Kinachohitajika kwanza ni uamuzi.

Anayeijua Moba anajua kwamba ni mji wa sehemu mbili. Chini kuna Moba-Port, boti za kwenda Kalemie, magunia ya mahindi na maharagi yanayoshuka kutoka milima ya Marungu, na ndagala zilizoanikwa juani. Juu kuna Kirungu, ambako zamani kuliitwa Baudouinville, na misheni yake ya kale. Mapadri Weupe walikabidhiwa kituo cha Mpala mwaka 1885, na miaka michache baadaye wakaanzisha Baudouinville, huku kapteni Joubert, Mfaransa aliyekuwa askari wa Papa, akiwalinda kwa bunduki dhidi ya wafanya biashara ya watumwa. Watu waliokuja kukaa karibu na misheni hawakuwa wa ukoo mmoja. Walikuwemo Watabwa wa palepale, waliokimbia vita, na watumwa waliokombolewa kutoka kwenye misafara, ambao wengine hawakujua hata kijiji chao cha kuzaliwa kiko wapi. Walipangwa vijijini, wakapewa mahali pa kujenga na pa kulima, chini ya sheria za mapadri ambazo hazikuwa laini hata kidogo. Si hadithi ya kusifu moja kwa moja. Lakini inaonyesha kwamba mji huu tangu mwanzo ulikusanya watu wa asili mbalimbali kwenye safu moja ya nyumba.

Miji mikubwa ilikwenda njia nyingine. Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, Wabelgiji waliacha ukanda mtupu kati ya mji wa wazungu na site ya waafrika, na Albertville, Kalemie ya leo, nayo ilijua mgawanyo wa aina hiyo. Baada ya uhuru rangi iliondoka, fedha ikakaa kwenye kiti chake. Kartie za maboma na maua zikabaki za wakubwa, site zikabaki site. Moba iliepuka sehemu ya jambo hilo kwa sababu ya udogo wake tu. Kwenye avenyu moja utakuta nyumba ya mwalimu, ya fundi baiskeli, ya mjane anayeuza unga wa muhogo, na ya mwenye boti mbili. Mwenye boti akitaka wapakuzi alfajiri anawaita kwa jina. Mtoto wa mjane akiugua usiku, pikipiki iko nyumba ya tatu. Duka linakopesha chumvi na sabuni kwa sababu mwenye duka anamjua mkopaji na mama yake.

Hakuna ofisi iliyopanga hayo. Kwa sababu hiyo hiyo, hayana mlinzi, na yanaweza kupotea bila mtu kutia saini popote.

Ukimsikiliza mtu wa vipimo akieleza mpango wa kiwanja kipya, utasikia habari ya barabara zilizonyooka, viwanja vyenye ukubwa sawa na bei moja. Inaonekana haki. Lakini bei moja kwa watu wasio na kipato kimoja ni chujio. Kiwanja kikubwa cha bei moja humwacha nje mchuuzi wa ndagala siku ya kwanza, na mwalimu siku ya pili, pale mshahara unapochelewa. Wanaobaki ndani ni wafanyabiashara, watumishi wa mashirika, na watu wa Kalemie na Lubumbashi wanaonunua kwa simu na kuacha majani yaote hadi bei ipande.

Ardhi ya Kongo, kisheria, ni ya Serikali. Sheria ya Bakajika ya 1966 ilianza njia hiyo, na sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ikasema wazi kwamba udongo ni mali ya Serikali, isiyouzwa wala kupotea kwa kukaliwa na mwingine. Raia hupewa haki ya kuutumia: kwanza mkataba wa kukodi usiozidi miaka 3, kisha, akishajenga, mkataba wa kudumu na setifika ya usajili. Kwenye maisha ya kila siku mambo huenda kinyume. Mtu hununua kwa chifu au kwa mwenyeji wa pale, anaandikiwa karatasi mbele ya mashahidi, anapata fishi ya parsele kwa mkuu wa kartie kama ipo, na anaishi hivyo hadi atakapotokea mwingine mwenye karatasi nzuri zaidi. Sheria ya 1973 yenyewe iliahidi kwamba haki za wananchi juu ya ardhi za vijiji zingepangwa kwa amri ya Rais. Amri hiyo ilisubiriwa miaka kwa miaka, na katika nafasi hiyo tupu chifu, mtu wa kadasta na mnunuzi kila mmoja alijitengenezea sheria yake.

Lakini kuna jambo moja ambalo sheria hiyo inaliwezesha, na halitumiki. Kama ardhi ni ya Serikali, basi Serikali inapokata viwanja ina haki ya kuamua vya nani na vya ukubwa gani. Haina sababu ya kufanya kama muuzaji binafsi anayetafuta mnunuzi wa bei ya juu. Inaweza kukata, kwenye avenyu moja, viwanja vikubwa vitatu na vidogo vitano. Vikubwa vilipiwe bei kamili, na fedha hizo zichimbe mifereji na kisima vya avenyu nzima. Vidogo viende kwa waliopoteza nyumba kwenye maji, kwa malipo ya kidogo kidogo.

Jambo hilo lilishajaribiwa Afrika Mashariki. Dandora, upande wa mashariki wa Nairobi, mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia ulianza mwaka 1975 na kupanga viwanja kama 6,000 kwa watu wa kipato cha chini. Kila kiwanja kilikuwa na maji na choo, mwenyewe ajenge vyumba. Viwanja vichache viliwekwa vya bei ya soko ili kusaidia gharama za vingine. Wazo lilikuwa zuri. Kilichokuja kuwabana watu ni masharti ya ujenzi. Halmashauri ya jiji ilitaka vifaa vya kudumu na ramani zake, wengi hawakuweza, wakapangisha vyumba au wakauza, na Dandora ikawa mahali ambapo waliokusudiwa kuwa wenye nyumba waligeuka wapangaji. Moba inaweza kuchukua nusu ya kwanza ya somo hilo na kuikataa ya pili. Mkataba wa Kongo unadai kiwanja kiendelezwe kabla ya kupewa haki ya kudumu, na mara nyingi ofisi husoma neno hilo kama matofali ya kuchoma na mabati. Mjane mwenye nyumba imara ya matofali mabichi, choo kilichofunikwa na mfereji safi ameendeleza kiwanja chake kuliko mtu aliyezungusha ukuta wa saruji na kuacha ndani vichaka. Gavana anaweza kuziambia huduma za ardhi za jimbo zilitambue hilo, ikiwa anataka kweli maskini wabaki.

Kosa jingine la kuepuka liko Dar es Salaam. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, Serikali ya Tanzania iliwahamisha watu wa bonde la Msimbazi, Jangwani na kwingineko, ikawapa viwanja Mabwepande, nje kabisa ya jiji. Viwanja vilikuwa vya kweli. Lakini mama lishe wa Kariakoo hawezi kupika Mabwepande na kuuza Kariakoo, na nauli hula faida kabla ya saa nne asubuhi. Wapo waliouza au kupangisha kiwanja na kurudi bondeni, kwenye maji yaleyale, na lawama ikawaangukia wao.

Mvuvi wa Moba-Port yuko hivyohivyo. Kazi yake ni ya usiku, usiku wa giza kuliko wa mbalamwezi, na inaisha alfajiri na mzigo unaooza. Mke wake, au mchuuzi anayenunua kwake, lazima awe karibu na mchanga wa kuanikia kabla jua halijawa kali. Akipewa kiwanja kizuri nyuma kabisa ya Kirungu, mbali na njia, atakishukuru, atakiuza, na utamkuta chini tena. Anayepanga makazi bila kuhesabu hatua kutoka mlangoni hadi kwenye mtumbwi anajenga kijiji cha watu watakaohama. Kwa hiyo mitelemko iliyo kati ya bandari na Kirungu, popote pale inapofaa kujengwa bila kuporomoka, ndiyo ardhi ya thamani kuliko zote leo. Ikimalizika kwa kuuzwa kwa walio na fedha taslimu, mazungumzo yote mengine ya kuwasaidia watu wa ufukweni ni maneno ya mkutano.

Na ziwa litapanda tena. Wazee walilijua kuliko ramani: linajaa, linapungua, linategemea mvua na mto Lukuga pale Kalemie, ambao ndio mlango wake pekee wa kutokea. Mwaka 1878 Lukuga ulifunguka baada ya kuziba, na ziwa likashuka kwa mita nyingi katika miaka iliyofuata. Katika miaka ya 1960 lilipanda tena hadi kuharibu bandari na nyumba za pwani. Miaka ya maji madogo huwadanganya watu wajenge pale ambapo ziwa limetoka kwa muda tu. Ukanda huo usijengwe tena nyumba za kulala, za maskini wala za matajiri. Maneno haya mawili ya mwisho yana uzito, kwa sababu ni kawaida kusikia kibanda kikibomolewa kwa jina la usalama na mwaka unaofuata mahali pale panasimama hoteli.

Moba inajua pia kinachotokea watu wasipoambiwa nani atakaa wapi. Vita vya 1998 viliwavusha wenyeji wengi kwenda Zambia, kwenye kambi za Kala na Mwange, na wengine Tanzania. Mwaka 2007 shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, HCR, lilianza kuwarudisha kwa boti kutoka Mpulungu. Wengi walikuta viwanja vyao vina mwingine, aliyenunua kwa haki au aliyejikalia. Tarehe 1 Agosti mwaka huo tetesi zilienea kwamba watu wengine, wasiotakiwa na baadhi ya wakaaji, wangeletwa kukaa Moba. Maandamano yakageuka fujo, ofisi za mashirika zikavamiwa, watu wakajeruhiwa, na wafanyakazi wa misaada wakaondolewa. Watu hawakuwa na orodha mikononi, ila tetesi. Orodha iliyobandikwa ukutani, yenye majina, namba za viwanja na bei, ingeweza kupingwa kwa maneno, mbele ya watu.

Jambo hilo linawahusu Watwa zaidi ya wote. Kwenye vurugu kati ya Watwa na Waluba zilizolitikisa jimbo la Tanganyika kuanzia 2016, mengi yalisemwa juu ya mishale na moto, machache juu ya mahali ambapo Watwa walikuwa wakiishi kabla: pembeni ya kijiji, kwenye ardhi ya mtu mwingine, bila karatasi na bila sauti kwenye mkutano wa kijiji. Baraza zilizoundwa baadaye kupatanisha jamii zilifanya kazi ya maana. Lakini upatanisho unaowarudisha Watwa pembeni palepale hauna miguu. Kiwanja kwenye avenyu, chenye namba kama cha jirani, kingesema zaidi ya semina nyingi. Vilevile kuwajengea Watwa kartie yao peke yao, hata yenye nyumba nzuri, ni kuchora tena mpaka ule ule kwa saruji.

Wapo wenye pingamizi, na baadhi ya pingamizi zao ni za kweli. Mfanyabiashara anauliza kwa nini alipe bei kamili na ajengewe jirani ambaye hawezi kujenga vizuri. Anaogopa wizi, taka, na thamani ya nyumba yake kushuka. Jibu si kumwambia awe na moyo. Jibu ni mfereji. Kwenye mtelemko, maji ya mvua ya nyumba ya juu hupita kwenye nyumba ya chini, na mmomonyoko hausomi setifika. Nyumba ya saruji iliyo juu ya majirani wasio na mifereji itatafunwa msingi, na nyumba za matope zilizo chini ya ua mkubwa usio na mfereji zitasombwa. Wanahitajiana, wapendane au wasipendane. Salongo ya Jumamosi, inayoendelea tangu enzi za Mobutu, imebaki kazi ya wasio na uwezo, huku wenye fedha wakituma kijana au wasitume mtu. Kamati ya avenyu yenye daftari ingemaliza mchezo huo: atakayekuja na jembe ahesabiwe, asiyekuja alipe siku ya kazi, na fedha inunue mawe. Ni kazi ndogo, lakini ndiyo inayoamua kama watu wa vipato tofauti wataweza kukaa pamoja miaka 20.

Pingamizi nyingine ni kwamba maskini atauza kiwanja alichopewa. Atauza, baadhi yao. Mtu huuza kiwanja mtoto akilazwa hospitali, si kwa sababu hapendi nyumba. Mkataba unaweza kuzuia mauzo kwa miaka kadhaa, na kuipa ofisi ya wilaya haki ya kwanza ya kununua ili kiwanja kiende kwa mwingine aliye kwenye orodha. Haitazuia yote. Lakini hoja hii ya kuuza husemwa na watu ambao wao wenyewe wamenunua na kuuza viwanja vinne, vitano, na hakuna anayewaita wasiojua thamani ya ardhi.

Kuna tena wale ambao hawatapata kiwanja kabisa: wapangaji. Vijana wa boti, walimu waliohamishwa, akina mama waliotengana na waume. Kwa hao sheria ipo tayari. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya kupangisha inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi 3. Kwenye miji ya Kongo wenye nyumba wengi hudai zaidi, wakijua mpangaji hana pa kushtaki, na maji yanapopanda ndipo chumba cha juu kinapogeuka mnada. Mwenye nyumba naye si adui. Mara nyingi ni mstaafu anayeishi kwa vyumba viwili. Lakini mkuu wa kartie anayeshuhudia mkataba wa miezi 6 au 10 ya garanti anashuhudia kuvunjwa kwa sheria, na inatosha akatae kuweka muhuri.

Kuhusu fedha, Kalemie hutaja Kinshasa, na Kinshasa hutaja wafadhili. Ni kweli kwamba fedha za majimbo huchelewa na hupungua njiani. Lakini kodi ya mapato ya kupangisha na kodi ya majengo na viwanja ni kodi za jimbo. Zinakusanywa kutoka kwenye nyumba zilezile ambazo mifereji yake imekufa. Bunge la jimbo linaweza kuamua kwa edikti kwamba sehemu inayojulikana ya kodi hizo irudi kwenye kartie ilikotoka, na hesabu isomwe kwenye mkutano wa kartie, kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa cha ofisini. Mwenye nyumba anayekwepa kodi leo anajua kwamba haioni ikirudi. Akiona mawe yakishushwa mbele ya lango lake, hesabu itabadilika kichwani mwake.

Mvua huanza Moba mwezi wa Oktoba, na vipimo vya viwanja hufanywa kiangazi, ardhi ikiwa kavu na njia zikipitika. Huo ndio muda wa kazi. Kabla mtu wa vipimo hajapigilia kigingi cha kwanza kwenye mtelemko, ofisi ya wilaya ibandike ukutani, nje, mahali mvuvi anapoweza kufika bila kupita kwa askari mlangoni, karatasi mbili: majina ya kaya zilizopoteza nyumba kwenye maji, na ramani ya viwanja ikionyesha vipi ni vyao. Na karatasi hizo zibaki pale wiki nne, ili anayekosewa apate muda wa kurudi kutoka ziwani na kusema.